Barua ya Wazi kwa Wakuu wa AIU: Ombi la Kibali cha Kufungua Kinywa

Kwa Waheshimiwa Wakuu,
Kitengo cha Uadilifu wa Riadha (AIU),
Monaco.

KUH: UHURU WA KUSEMA WA MWANARIADHA ANAYECHUNGUZWA

Kwa heshima na taadhima, mwandishi wa barua hii anawapongeza. Tangu kitengo chenu kianze kazi mwaka 2017, Wakenya wamekuwa wasomaji wenu waaminifu kuliko watu wote duniani, si kwa sababu nathari yenu inavutia, bali kwa sababu kila mkitoa tangazo wao hutafuta kwanza kama kuna jina la mtu wa kwao. Mara nyingi hulikuta.

Pongezi kubwa zaidi ni za ukarimu wenu. Wako wanaodhani kwamba mwanariadha anayechunguzwa kwa dawa za kusisimua misuli amefungwa mdomo. Huo ni uzushi. Kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa hizo, hazimkatazi kusema lolote. Mliofungwa mdomo ni nyinyi: kifungu cha 14.3.6 hakiwaruhusu kuzungumzia undani wa kesi ambayo haijaamuliwa. Kuna kijisharti kimoja tu. Mwanariadha akishasema, yeye au wakili wake au mtu wa kambi yake, nanyi mnaruhusiwa kumjibu.

Mei 2018 Asbel Kiprop aliutumia uhuru huo. Habari kwamba sampuli yake iliyochukuliwa Iten Novemba 2017 ilikutwa na dawa ya EPO zilikuwa zimeshavuja, na bingwa huyo wa dunia mara tatu wa mita 1,500 akatoa taarifa ndefu. Alidai wapimaji walimjulisha mapema kwamba wanakuja, jambo ambalo ni mwiko. Kwamba waliomba hela naye akawatumia kwa M-Pesa. Kwamba aliahidiwa ubalozi wa michezo safi iwapo angekiri. Mkamjibu upesi, tena hadharani. Kesi mkaithibitisha, ubalozi mkaukana, na hilo la kujulishwa mapema mkalikubali kwa masikitiko makubwa, mkiongeza kwamba halikugusa matokeo ya maabara. Aprili 2019 akafungiwa miaka minne. Barua hii haikuja kumkatia rufaa. EPO haimpati mtu kwa kuegemea ukuta.

Kinachostaajabisha ni jinsi mtego ulivyotegwa kwa adabu. Mwanariadha akinyamaza, vijiwe vya chai vinasema kimya chake ni ungamo. Akisema, amewapa nyinyi, wenye wanasheria na wanasayansi, ruhusa ambayo mngeikosa asingefumbua kinywa. Na kwa kawaida hana wa kumshauri achague lipi, kwa sababu tangu siku anaposimamishwa kwa muda hakuna shindano, na pasipo shindano hakuna hela ya wakili.

Tofauti ilioje na tenisi! Machi 2024 Jannik Sinner, Mwitaliano, alikutwa na dawa ya klostebol mara mbili. Alisimamishwa, akakata rufaa haraka, akaruhusiwa kuendelea kucheza, na kwa mujibu wa kanuni za mchezo wake jina likabaki kabatini. Dunia iliambiwa tarehe 20 Agosti, siku moja baada ya yeye kutwaa taji la Cincinnati, na habari ya kosa ikatoka pamoja na ya kutokuwa na hatia, maelezo yake mwenyewe yakiwa tayari. Ni baadaye, WADA ilipokata rufaa, ndipo alipokubali kukaa nje miezi mitatu. Iga Swiatek naye alipokosa mashindano mwaka huohuo, umma uliambiwa ni sababu za binafsi. Trimetazidini, dawa aliyokutwa nayo, ilitajwa Novemba, sambamba na adhabu ya mwezi mmoja.

Mtasema tenisi si mlango wenu. Kweli. Mtasema pia kwamba wawili hao walionyesha jinsi dawa zilivyowafikia bila kujua. Kweli tena. Lakini walipata nafasi ya kuonyesha hivyo kabla mtaa haujapiga kura.

Na msiseme kunyamaza hakuwezekani kwenu, maana mnakumudu. Sampuli ya Ruth Chepngetich, aliyekimbia marathon ya Chicago mwaka 2024 kwa saa 2:09:56, ilichukuliwa tarehe 14 Machi 2025. Ilikuwa na nanogramu 3,800 za HCTZ, dawa ya kuongeza mkojo, kwa mililita, ilhali kiwango cha kuripoti ni 20. Aprili akajiweka kando mwenyewe. Nanyi mkanyamaza hadi tarehe 17 Julai. Miezi mitatu, na anga la Monaco halikuanguka. Maelezo yake kwamba alimeza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani yalitufikia kupitia uamuzi wenu wa Oktoba, yakiwa yameshasahihishwa kwa kalamu nyekundu: hayaaminiki. Huenda ni kweli hayaaminiki. Lakini utetezi wa mshtakiwa kutangazwa na mwendesha mashtaka ni ubunifu ambao hata mahakama za kikoloni zingeuonea wivu.

Wanaohofia kwamba maneno ya mwanamichezo huvuruga haki wakumbushwe kesi ya mwogeleaji Mchina Sun Yang. Yeye aliomba asikilizwe hadharani, na Novemba 2019 Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS) ikamsikiliza kule Montreux, kamera zikiwaka. Alizungumza, tena mengi, na hakuna kilichobomoka. Alifungiwa miaka minane. Hukumu hiyo ilitenguliwa Desemba 2020 na mahakama ya juu ya Uswisi kwa sababu ya mdomo wa mtu mwingine kabisa: rais wa jopo, Franco Frattini, aliyekuwa ameandika Twitter maneno makali kuhusu Wachina na ulaji wa mbwa. Mdomo huponza kichwa, wahenga walisema, ila hawakutaja kwamba kichwa kinaweza kuwa cha jaji. Kesi ikaanza upya, na adhabu ikashuka hadi miaka minne na miezi mitatu.

Kwa hiyo mwombaji anapiga goti. Mwanariadha anayetaka kusikilizwa mlango ukiwa wazi apewe mlango wazi, nanyi mseme humohumo, mbele yake, badala ya kusubiri ateleze kwa waandishi. Asiyetaka, jina lake likae kabatini mpaka uamuzi utoke, kama lilivyokaa la Sinner. Na siku mnapompelekea mtu barua ya kumsimamisha, mwambatanishieni karatasi moja ya Kiswahili inayomweleza kijisharti kile cha 14.3.6 kabla hajapiga simu kwa mwandishi wa habari.

Wenu mtiifu,
Msomaji wa matangazo yenu.

Nakala kwa:
WADA, Montreal;
Shirikisho la Riadha Kenya, Nairobi;
Mshauri wa habari wa bingwa yeyote wa tenisi, iwapo ana nafasi ya kazi ya ziada Iten.