Jinsi ya Kumwita Mtu Bosi Ukiwa Spring Valley, Nairobi

Shusha kioo kwanza. Neno bosi halipiti kwenye kioo kilichopandishwa, hata ulitamke vizuri namna gani. Kioo kikishashuka, punguza redio, mtazame soja, yaani mlinzi wa getini, usoni, kisha useme "Habari, bosi" kabla hajakuwahi. Siku nyingi atakuwahi, maana yuko hapo getini tangu saa kumi na mbili alfajiri na wewe umeamka sasa hivi tu, lakini jitahidi. Akikuwahi, usijibu "Mzuri" ukanyamaza. Mrudishie lake: "Salama, bosi." Hapo mmekuwa mabosi wawili, mmoja ameketi kwenye kiti cha ngozi, mwingine amesimama kwa buti nzito, na hakuna kati yenu aliyemwajiri mwenzake.

Mgeni anaweza kukwama papo hapo. Pengine kwao bosi ni mtu mmoja anayejulikana, ana ofisi na ndiye anayetia sahihi mishahara. Nairobi, bosi ni mwanamume yeyote ambaye hujui jina lake na unahitaji jambo kutoka kwake, au yeye analihitaji kutoka kwako. Mwenye bodaboda ni bosi. Abiria wake ni bosi. Anayeuza chaja za simu pale Westlands ni bosi, na wewe unayemwambia "Bosi, sema ya mwisho" ni bosi pia, hadi mtakapokubaliana bei.

Jifunze sauti kabla ya kitu kingine chochote. Ukiivuta o, "Boosi!", umemfurahia mtu na pengine mlionana jana. Ukiikata fupi, umemsimamisha: "Bosi. Unaenda wapi?" Ukiipandisha mwishoni huku umenyoosha kiganja, "Bosi?", unamkumbusha konda wa matatu ya Wangige kwamba mmeshapita maduka ya Sarit na chenji yako bado anayo. Konda naye atakujibu kwa neno hilo hilo, "Bosi, tulia, uko sawa," na kwa kweli mara nyingi uko sawa. Likirudiwa mara mbili harakaharaka, bosi bosi, angalia nyuma: kuna mkokoteni unakuja.

Halafu kuna bosi wa kuegesha gari, ambaye lazima umtii. Mbele ya maduka yoyote ya upande huu atajitokeza kijana mwenye kizibao cha kung'aa na kuanza kukuimbia: "Kuja bosi, kuja, kuja, kata yote, sasa nyoosha, hapo hapo!" Huyu hakusifu. Anakuambia kwamba kwa dakika hii bampa yako iko mikononi mwake na ukimsikiliza haitaguswa. Mfuate. Ukishazima injini, mshukuru kwa maneno na kwa sarafu, kwa mpangilio huo.

Wako watu wasioitwa bosi, na kukosea hapo ni aibu. Polisi ni afande. Neno hilo lilitoka kwa Waturuki likapitia jeshini, na mwenye sare angali analitarajia. Mtu mwenye mvi ni mzee, hata kama anauza miwa. Anayekutengenezea kitu ni fundi, anayekufundishia mtoto ni mwalimu, kwa kuwa jina la kazi ya mtu lina uzito kuliko heshima ya jumla. Na mwanamke, hapa Nairobi, haitwi bosi hivi hivi tu. Ataitwa madam, au mathe, au siz, na akiitwa bosi huongezewa neno la pili ili ijulikane kwamba ni mwanamke. Mimi naona hilo ni pengo katika neno zuri. Mama anayepikia watu chini ya mti kando ya Lower Kabete Road ana wateja wengi kuliko mkahawa mkubwa, anakopesha, anadai, anafunga hesabu kichwani, na bado wote wanaomzunguka ni mabosi isipokuwa yeye.

Mama huyo mtembelee saa saba mchana, hata kama una pesa za kula pengine, ndipo utakaposikia neno likiwa katika afya yake kamili. Benchi moja refu, sufuria ya ndengu, chapati zimefunikwa kwa kitambaa. Dereva wa ubalozi fulani amelegeza tai. Karibu naye yupo anayetunza bustani, magoti yana udongo mwekundu, na fundi wa mabomba aliyeweka spana juu ya meza. "Bosi, nipitishie chumvi." "Bosi, sogea kidogo, jua limenifikia." "Bosi, hiyo avokado ni yako pekee?" Hakuna anayemnyenyekea mwenzake. Ukikaa hapo, sogea unapoambiwa, pitisha chumvi, na usiulize nani anafanya kazi kwa nani. Ni miongoni mwa mahali pachache mjini ambapo swali hilo huwekwa chini kwa nusu saa.

Wapo wanaosema neno hili ni unafiki, kwamba Wakenya wanaitana mabosi ili kuficha nani hasa ni bosi. Nawapinga, na sababu iko kwenye historia ya neno lenyewe. Waholanzi wana baas, mkubwa wa kazi, na walilifikisha Marekani wakati New York ingali mikononi mwao ikiitwa Nieuw Amsterdam. Katika karne ya 19 wafanyakazi weupe wa Marekani walilishikilia kwa sababu hawakutaka kumwita mwajiri wao kwa neno ambalo mtumwa alilazimishwa kumwitia aliyemmiliki. Walitafuta neno la kazi lisilo na mnyororo. Lakini lile lililofika Afrika Kusini likawa mnyororo wenyewe: huko baas ndivyo Mwafrika alivyotakiwa kumwita Mzungu, awe amemwajiri au wamekutana tu njiani. Neno moja lilitumika kukimbia utwana na likatumika kuujenga. Basi lawama haimo ndani ya neno. Imo kwa yule anayelazimisha lisemwe upande mmoja tu.

Spring Valley inalijua hilo. Enzi za ukoloni vilima hivi vya magharibi vilitengewa Wazungu, Waasia wakiwa Parklands na Ngara, na Waafrika wakisukumwa mashariki, Pumwani na kwingineko. Mwafrika aliyelala huku alilala kama mtumishi, katika chumba cha nyuma ya nyumba, na kipande chake, cheti cha usajili, kikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Usajili huo ulianza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kwa kila mwanamume Mwafrika aliyezidi miaka 16. Aliitwa boi hata akiwa na wajukuu. Mwenye nyumba aliitwa bwana, na bwana hakumrudishia mtu neno hilo. Chumba cha nyuma bado kipo. Soma tangazo lolote la nyumba ya kupangisha mtaa huu: vyumba vinne, bustani, DSQ, yaani makao ya mtumishi.

Angalia sasa Nairobi ilivyolifanya neno bwana. Imelitafuna hadi likabaki bana, na leo mtoto wa shule humwambia mwenzake "Wacha bana!" bila kuinama. Neno lililosemwa na boi kwa mwenye shamba limekuwa kelele ya marafiki. Bosi liko njia hiyo hiyo. Kila likirudishwa getini linapoteza utisho kidogo, na mimi nalirudisha kwa moyo wote.

Ila likivuka geti na kuingia ndani ya nyumba, shika breki. Huko linarudia maana yake ya zamani, na dada wa nyumbani ndiye atakayekufundisha kwa kukata simu ghafla: "Bosi wangu amefika, nitakupigia." Hapo hakuna kurudishiana. Yeye mwenyewe huitwa anti na watoto, anti na wageni, anti na jirani aliyekuja kuomba limau, na wapo walioishi miaka katika nyumba moja bila mgeni yeyote kuambiwa jina lao. Ikiwa wewe ndiwe bosi wa aina hiyo, yule wa kulipa, fanya kazi yako kwanza. Sheria ya Ajira ya 2007 inampa kila mfanyakazi walau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Mshahara wa chini wa mfanyakazi wa nyumbani Nairobi uliwekwa shilingi 15,201.65 mwezi Mei 2022, ukaongezwa kwa asilimia 6 mwishoni mwa 2024. Ukishatimiza hayo, mwite kwa utani wowote mnaoupenda wote wawili. Kabla ya hapo, usimwambie "Bosi, nisaidie na Jumapili hii pia." Huko ni kuchukua siku ya mtu kwa maneno matamu.

Na soja pia. Kuitwa bosi hakumpandishi matatu ya kurudi Kangemi au Kibagare baada ya saa kumi na mbili za zamu. Mwanzoni mwa 2024 mamlaka inayodhibiti sekta ya ulinzi ilitaka kampuni zimlipe mlinzi wa Nairobi si chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi, na suala hilo likaishia kubishaniwa mahakamani. Mkaazi mwenye kamati ya nyumba ana nguvu hapa kuliko anavyodhani, maana kamati ndiyo inayochagua kampuni na kukubali bei. Kikao kijacho wakipitia zabuni, inua mkono uulize: kati ya pesa tunazolipa, zinazomfikia mlinzi ni ngapi? Ukimwita mtu bosi asubuhi, unaweza kumuulizia mshahara wake jioni.

Turudi getini, kwenye meza ndogo iliyo kando ya kibanda cha walinzi, kwa sababu kuna kitabu pale ambacho watu hukiandika bila kukitazama. Ni daftari kubwa la jalada gumu, kalamu imefungwa kwa uzi ili isiondoke na mgeni. Mistari imechorwa kwa rula: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, nambari ya gari, unaenda kwa nani, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Ukaguzi wa namna hii ulizidi kukazwa kote mjini baada ya shambulio la Westgate, Septemba 21, 2013, jirani kabisa na mtaa huu, ambapo watu 67 waliuawa. Sheria ya 2016 ya kudhibiti huduma za ulinzi wa kibinafsi ikampa mlinzi uwezo wa kukuomba kitambulisho na kukuandikisha unapoingia. Kwa hiyo andika, tena kwa mwandiko unaosomeka. Usijiandikie jina la mwanasiasa. Usimwambie "Bosi, mimi ni wa hapa" kama si wa hapa, na kama ni wa hapa, usikasirike kuulizwa. Amewekwa kwa ajili ya kuuliza.

Lakini ukimaliza kuandika, fikiria kilichotokea. Bosi huyu sasa ana jina lako kamili, simu yako, gari lako, unakokwenda na saa uliyofika. Ukiingia kila juma, anajua ni lini ulianza kumtembelea yule wa nyumba nambari nne na ni lini uliacha. Wewe unajua kwamba yeye ni bosi. Ndiyo maana naliwekea neno hili mwisho wa matumizi, kama ulivyo kwenye paketi ya maziwa. Siku ya kwanza bosi ni adabu tupu. Siku za kwanza kwanza bado linatosha. Mkizoeana, mkaanza kuzungumzia mvua na mpira wa Gor Mahia, na bado hujui jina lake, hapo neno limechacha.

Kuuliza si vigumu, ila wengi huona haya kwa kuwa wamechelewa. Basi tumia Desemba. Krismasi ikikaribia kila geti la Spring Valley lina sentensi moja, inayosemwa kwa tabasamu na o ndefu: "Boosi, na Krismasi yetu?" Usijifanye hujasikia, wala usitupe noti dirishani gari likiwa linasonga. Simama. Mwambie hutembei na pesa taslimu siku hizi, umwombe nambari ya simu umtumie kwa M-Pesa. Atakutajia tarakimu polepole, utazirudia kwa sauti, na kabla hujabonyeza kukubali, simu itakuonyesha majina ya unayemtumia, yale ya kitambulisho. Yasome. Kisha muulize ni lipi kati ya hayo watu wa kwao wanalomwitia, kwa sababu huwa halipo hapo kwenye skrini, na hilo ndilo utakalotumia kesho.