Tiba ya Pikapu Kuukuu

Pikapu kuukuu inayozimika njiani hutibiwa kwanza kwa pochi ya mwenyewe. Hubadilishwa betri, kisha plagi, kisha koili, kisha altaneta. Mgonjwa huzidi kuzimika, fundi huzidi kunenepa. Mita ya umeme, ambayo kwa kawaida hushinda imelala kabatini, ingesema mapema: betri nzima iliyotulia huonyesha volti 12.6 hivi, na injini ikiwaka, 13.8 hadi 14.4. Namba zikiwa sawa, hufuatwa waya wa ethi unaotoka kwenye betri kwenda kwenye bodi. Hapo hukutwa kutu ya kijani, nati iliyolegea, na kipande cha mfuko wa nailoni alichofungia fundi aliyetangulia. Dawa ni msasa na spana namba 10. Altaneta ya zamani, nzima kabisa, imeshauzwa kwa mwenye pikapu nyingine inayozimika.