Salio Gizani, Ujumbe Hadharani

Tangu Jumapili usiku, mhazini wa kamati moja ya harusi huko Mbagala, Dar es Salaam, anaitazama simu yake ikiita mpaka inanyamaza yenyewe. Anayepiga ni mwenyekiti. Mhazini hajala michango. Fedha ziko zote, na daftari halina doa. Tatizo ni kwamba wanakamati, kuanzia Mwanza hadi Mbeya, wameuona ujumbe ambao mke wake aliuandika kuhusu mwenyekiti, na mwenyekiti mwenyewe aliusoma pamoja nao. Kwa sauti.

Kikao kilikuwa cha simu ya video, kwa sababu nusu ya wajumbe wako mikoani na nusu nyingine hawako tayari kukaa kwenye foleni ya Barabara ya Kilwa kwa ajili ya chai na karanga. Ajenda ya kwanza ilikuwa rangi ya vitambaa vya ukumbini. Mwenyekiti, ambaye ni mjomba wa bwana harusi, aliifafanua kwa kirefu: dhahabu, lakini dhahabu iliyopoa, si ile inayong'aa. Ajenda ya pili ilikuwa fedha. Hapo shangazi mmoja, aliyekuwa kimya tangu dua ya kufungulia, akauliza kwa upole kama haingewezekana watu wakaliona salio wenyewe badala ya kusomewa. Upole wa namna hiyo, katika kamati za harusi, ni hatari kuliko tusi.

Katibu, kijana wa chuo, akasema jambo lenyewe ni dogo: mhazini abonyeze kitufe cha kushiriki skrini, watu wote wataona anachokiona yeye. Kitufe hicho kimo kwenye simu za video za WhatsApp tangu Agosti 2023, na Mark Zuckerberg mwenyewe ndiye aliyekitangaza. Mhazini akabonyeza. Simu ikamletea onyo kwamba kila kitakachotokea kwenye skrini, yakiwemo maneno ya siri, taarifa za malipo, picha na ujumbe, kitaonekana na wengine. Onyo lilikuwa la mistari kadhaa na watu walikuwa wanasubiri. Akakubali.

Daftari likajitokeza: majina, ahadi, kilicholipwa, kilichobaki. Mstari wa mwenyekiti ulikuwa na ahadi ya laki tano na, kwenye safu ya malipo, kistari. Mhazini alisogeza haraka kwa heshima. Kisha akafungua programu ya fedha ili shangazi aridhike, na ndipo kamati nzima ikaingia gizani.

“Mhazini, mbona umezima?”

“Sijazima, hiyo hapo. Milioni tatu na laki nne na sitini.”

“Sisi tunaona weusi mtupu.”

“Mimi naiona.”

“Wewe ndiye unayeiona,” shangazi akasema, kwa upole uleule.

Akajaribu kuipiga picha skrini ili awatumie. Simu ikakataa, ikadai ni kwa sababu za kiusalama. Akajaribu tena, ikakataa tena. Akarudi kwenye daftari huku jasho likimtoka, akaanza kueleza kwamba hata yeye anashangaa, na maelezo ya mhazini anayeshangaa hayajawahi kumtuliza mtu. Wakati huohuo, juu ya skrini, ikateremka arifa kutoka kwa mke wake aliyekuwa saluni: “Bado mnaongelea vitambaa? Huyo mjomba mtu alipe kwanza laki tano yake, dhahabu tutaiona hapohapo.”

Mwenyekiti ana mazoea ya kusoma kwa sauti kila maandishi yanayopita mbele yake, hata mabango ya barabarani. Aliusoma wote. Alipofika kwenye “dhahabu” sauti ikapungua, lakini alimalizia.

Ufundi uliomfikisha mhazini hapo ni wa kuvutia kiasi kwamba inafaa kumwacha na aibu yake kwa muda. Picha tunayoiona kwenye kioo cha simu haichorwi na programu moja. Daftari lina tabaka lake, kibodi ina lake, ile mistari ya saa na betri ina lake, na arifa nazo zina lao, la juu kabisa. Mfumo wa simu huyapanga matabaka hayo, ukayaunganisha kuwa picha moja, ndipo ukakiwasha kioo. Tangu Android 5 ya mwaka 2014, programu yoyote inaweza, kwa ruhusa ya mwenye simu, kuomba nakala ya picha hiyo. Nakala hutengenezwa kwa kuyaunganisha tena matabaka yaleyale yote. Kwa hiyo anayepokea hapati daftari. Anapata kioo kizima, pamoja na chochote kilichoangukia juu yake dakika hiyo.

Halafu kuna hesabu. Skrini ya kawaida siku hizi ina nukta 1080 kwa 2400, yaani nukta 2,592,000. Kila nukta inahitaji baiti tatu kueleza rangi yake. Ukituma picha nzima mara 30 kwa sekunde, unatuma zaidi ya megabaiti 233 kila sekunde moja. Bando la gigabaiti moja lingekwisha ndani ya sekunde tano, kabla mwenyekiti hajaingia kwenye suala la mng'ao.

Haliishi, kwa sababu simu haitumi picha nzima kila mara. Inafanya kama jirani anayemletea umbea mtu aliyekwisha kuupata wa jana: haanzi mwanzo, anasema kilichoongezeka tu. Kanuni iliyoenea zaidi kwa kazi hiyo, H.264, ilipitishwa mwaka 2003. Huikata picha kuwa vipande vya nukta 16 kwa 16, ikaangalia kipi kimebadilika tangu picha iliyotangulia, kipi kimesogea tu, na kipi kimetulia. Kilichotulia hakitumwi tena. Ukiibana kazi yote hadi megabiti moja kwa sekunde, gigabaiti ileile inadumu zaidi ya saa mbili. Ni maarifa ya hali ya juu, yamo ndani ya simu inayouzwa Kariakoo pamoja na kava ya bure.

Ila yatazame maarifa hayo kwa macho ya mhazini. Daftari lilikuwa limetulia, halina jipya, simu ilikuwa haina cha kutuma. Ghafla juu ya skrini kikatokea kitu kipya, kimoja tu. Nguvu yote ya mtandao ikaelekezwa kwenye vipande vile vya nukta 16 kwa 16 vyenye maneno “huyo mjomba mtu”. Arifa ile ndiyo iliyosomeka vizuri kuliko kitu kingine chochote kilichoonyeshwa jioni hiyo. Na huko Mbeya, ambako mtandao ulikuwa unasuasua, picha iliganda hapohapo. Dakika kadhaa baadaye, wengine wakiwa wameshahamia kwenye mpishi na idadi ya kuku, mjumbe wa Mbeya aliuliza kwa nia njema kabisa: “Samahani, bado tuko kwenye ile laki tano?”

Wazo lenyewe la watu wawili kuangalia skrini moja wakiwa mbali si geni. Tarehe 9 Desemba 1968, mbele ya ukumbi uliojaa wataalamu huko San Francisco, Marekani, mtafiti Douglas Engelbart aliiendesha kompyuta iliyokuwa Menlo Park, kiasi cha kilomita 50 kutoka hapo, akaunganishwa na mwenzake Bill Paxton aliyekuwa huko. Wakaangalia maandishi yaleyale, Engelbart akimwona mwenzake usoni, na Paxton akiwa na kishale chake cha kuonyeshea. Siku hiyohiyo Engelbart aliwaonyesha watu kipanya cha kompyuta. Yote yalikwenda vizuri, na yalisaidiwa na jambo moja: mwaka 1968 mke wa mtu hakuwa na njia ya kumtumia ujumbe juu ya kioo akiwa katikati ya maonyesho.

Na kile kishale cha Paxton ndicho ambacho simu zetu zimekinyima kizazi cha wazazi. Mama mmoja wa Morogoro, akielekezwa na mwanawe namna ya kulipia umeme, aliibonyeza picha ya kitufe iliyokuwa ikitoka kwa mwanawe, akaibonyeza tena kwa dole gumba, akatangaza kwamba simu ya mtoto ni mbovu.

Ndugu wawili wa Tabata walijaribu kushiriki skrini wakiwa chumba kimoja, maiki ya simu hii ikalisikia spika ya ile, na mlio uliotoka uliwaamsha wapangaji.

Kijana mwingine alimwonyesha mchumba ramani ya kiwanja, akasahau kusitisha kushiriki.

Sasa lile giza. Halikuwa bahati mbaya wala hitilafu. Mtengenezaji wa programu ana uwezo wa kuuambia mfumo kwamba dirisha lake ni la siri. Akisema hivyo, mfumo unapotengeneza nakala ya kuwapelekea wengine hulipaka dirisha lile weusi, na unazuia hata kupiga picha ya skrini. Mabenki hufanya hivyo, programu nyingi za fedha hufanya hivyo, Netflix hufanya hivyo kulinda filamu zake. Ni kinga nzuri, na imezuia wizi mwingi. Lakini angalia nani anayekingwa. Benki imekingwa. Filamu imekingwa. Mhazini aliyetaka kwa hiari yake kuonyesha fedha ambazo si zake ila za kamati, hakuulizwa, akafichiwa. Ujumbe wa mkewe, ambao hakuna mtu duniani aliyeomba kuuona, ukapelekwa ukiwa na mwanga wa kutosha. Kilichokuwa cha wazi kikafunikwa, kilichokuwa cha ndani ya nyumba kikafunuliwa, na mashine ikahesabu kwamba imefanya kazi yake sawasawa mara zote mbili.

Utaambiwa angewasha hali ya “Usinisumbue”. Kweli, angewasha. Utaambiwa pia kwamba Google imelishughulikia: Android 15, iliyotoka mwaka 2024, huficha maudhui ya arifa za siri skrini inaposhirikiwa, huficha na zile namba za uthibitisho, tena inaruhusu kuonyesha programu moja badala ya kioo kizima. Vizuri sana. Simu ya mhazini haijafika huko wala haitafika. Simu nyingi za bei yake hupata toleo jipya la mfumo mara moja, zikibahatika mara mbili, kisha mtengenezaji anazisahau zingali na miaka ya kufanya kazi. Watu waliolijua tatizo hili tangu mwanzo, na ushahidi ni lile onyo lao refu, walichukua miaka kumi, kutoka 2014 hadi 2024, kuona kwamba onyo halitoshi, halafu dawa wakaipeleka kwanza kwa wenye simu za bei kubwa. Hapo kicheko kinakuwa kigumu kidogo.

Na kuna la bando, ambalo halichekeshi kabisa. Weka simu mbili kwenye mkeka mmoja, zigusane. Ukitaka hii ionyeshe kilichomo kwenye ile kwa njia ambayo wengi wanaijua, picha itapanda mnara wa simu na kushuka tena, na pande zote mbili zitalipia. Si kwamba hakuna njia nyingine. Miracast, iliyotolewa mwaka 2012 na muungano wa Wi-Fi Alliance, hurusha skrini moja kwa moja kutoka kifaa kimoja hadi kingine kwa Wi-Fi, bila intaneti. Lakini imejengwa kwa mtu mwenye televisheni ya kisasa: simu nyingi zinajua kurusha, hazijui kupokea. AirPlay ya Apple nayo hupeleka picha ya iPhone kwenye televisheni au kompyuta, wala iPhone ya pili haiwezi kuwa kioo chake. Mtu mwenye sebule pana kafikiriwa. Watu wawili wenye simu mbili na mkeka wanaambiwa wanunue bando.

Ujanja upo. Simu moja iwashe hotspot, data ya mtandao izimwe, ya pili ijiunge. Zipo programu za bure zinazoigeuza simu ya kwanza kuwa kituo kidogo cha kurusha; inakupa anwani, kwa kawaida inayoanza na 192.168, ya pili inaiandika kwenye kivinjari, na picha inakuja bila kugusa hata kilobaiti ya bando. Inachelewa kidogo na rangi zinapauka, lakini mama wa Morogoro hivi sasa analipia umeme kwa namna hiyo, mwanawe akiwa ameketi pembeni na kumzuia mkono.

Matapeli ndio walioielewa teknolojia hii haraka kuliko kampuni na wateja wake. Hupiga wakijitambulisha kuwa huduma kwa wateja, wakasema akaunti yako ina shida, wakaomba simu ya video na ushiriki skrini ili “wakurekebishie”. Ukishafungua, wao huomba namba za uthibitisho zitumwe kwako, na arifa inateremka juu ya kioo wakiitazama. Muuza mihogo mmoja wa Tanga alifuata maelekezo yote kwa utiifu. Alibonyeza alipoambiwa abonyeze, akakubali onyo, akaiegemeza simu kwenye ndoo ya pilipili. Skrini ikafunguka, tapeli akaanza kusema “subiri, mama, kuna namba zitakuja”, na bando likakata.

Tapeli alipiga tena kwa simu ya kawaida. “Mama, nunua bando, tulikuwa tunakaribia kumaliza.”

“Mwanangu,” akajibiwa, “si ndiyo nyie kampuni? Niwekee.”