Wageni wa Pwani Wanapohamia Mbulu

Wanandoa wa Dar es Salaam wanaohamishiwa Mbulu kikazi huanza kupata taabu kabla hawajafika. Basi likitoka Babati hupita Dareda, kisha hukwea ukingo wa Bonde la Ufa kwa kona zinazowanyamazisha hata wapiga soga. Mume, aliyeshauri masweta yabaki kwa mama mkwe kwa kuwa "Tanzania ni ileile," hushuka stendi na fulana, mikono kaibana kwapani, akisisitiza kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Mji uko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai hilo si habari ya ramani tu. Blanketi moja, lililotosha Temeke kwa sababu halikutumika, huvutwa huku na huku hadi alfajiri. Kukipambazuka, wote wawili wako kwenye marundo ya mitumba wakichambua makoti.

Jikoni ndiko kwenye visa hasa. Mgandamizo wa hewa ukipungua, maji huchemka mapema: hapa ni nyuzi 94 hivi badala ya 100. Mapovu yapo, mvuke upo, ila maharage hayana habari. Mume hutafuna kwa adabu. Lawama humwendea muuzaji, kisha mkaa, kisha sufuria, hadi jirani apite na kusema, "Ungeloweka tangu jana, mama." Nazi ni adimu, hivyo mchuzi huungwa kwa maziwa, na yakitoka kwenye kibuyu kilichofukizwa, mgeni huzunguka nyumba akitafuta kinachoungua.

Mnadani huzuka jambo jingine. Mtu wa pwani hujisifu kwamba lugha yoyote ya Kibantu ataiotea. Lakini hapa Kiiraqw ni cha Kikushi, Kidatooga cha Kinailoti, na Kihadzabe cha Bonde la Yaeda hakijulikani kuwa na ndugu, hivyo kuotea kunakwama. Wazee wawili wakicheka karibu na vitunguu saumu, wageni huamini wanachekwa wao. Kwa kuwa koti la mume lina vifungo upande wa kushoto na kiuno kilichobanwa, huenda hawajakosea.

Baadaye huja wazo la Mlima Hanang. Una mita zipatazo 3,420, lakini kwa mbali huonekana wa kupandwa kabla ya chai. Wanaoujua huondoka mji wa Katesh, chini ya mlima, gizani, na mwongozaji na maji ya kutosha. Wageni huanza saa nne, na soda moja ya kugawana. Kufikia saa saba hawajauona hata msitu wa juu. Wameketi kwenye jiwe wakijadili ni nani aliyesema mlima wenyewe mdogo. Watoto wachungaji huwaamkia shikamoo kwa heshima zote, kisha huwapita, wakipanda.