Rambirambi za Mufasa

Hadi naandika haya, simu yangu ina shilingi 65,000 za rambirambi ya simba wa katuni, na sijui nizirudishe vipi bila kueleza.

Ilikuwa Jumamosi, baada ya pilau. Wiki nzima nilikuwa nawatambia watoto kwamba wao na vikatuni vyao vya simu hawajui sinema ni nini. Nitawaonyesha sinema: The Lion King, ile ya 1994 iliyochorwa kwa mkono, si ile ya 2019 ambayo simba wana manyoya ya kweli na nyuso za watu walioko kwenye foleni ya benki. Mama yao alikuwa kicheni pati. Baba mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kupima macho, alikuwa amejinyoosha kwenye kochi, kofia usoni, anakoroma kistaarabu.

Kwamba Mufasa, yule simba baba, anakufa nilikuwa nalijua vizuri, na nilikuwa nimejipanga. Nyumbu wakianza tu kuteremka bondeni, naondoka kwenda jikoni kutafuta maji, narudi wakati Timon na Pumbaa wanakula wadudu. Kilichoniponza ni mdomo. Badala ya kuondoka, nikasimamisha filamu ili nieleze.

Maana hao nyumbu ni habari nyingine. Wachoraji walifika kwanza Kenya, Hell's Gate karibu na Naivasha, wakayatazama yale majabali na magenge kwa macho yao. Kuchora jabali si kazi, jabali linatulia. Sasa chora nyumbu mmoja anayekimbia: miguu minne, pembe, ndevu, mkia, na katika sekunde moja ya filamu zinapita picha 24. Umemaliza? Haya, chora mamia, wote wanaporomoka mtelemko mmoja, kila mmoja na mwendo wake. Hapo penseli inasalimu amri. Basi wakamchukua nyumbu wa kuchorwa, wakamtengeneza upya ndani ya kompyuta, wakamzalisha akawa kundi. Lakini kompyuta haina adabu. Ukiiachia, nyumbu huyu atapita katikati ya tumbo la mwenziwe kama moshi. Ikabidi iandikwe programu ya kuwafundisha mambo mawili: kimbia, na usimgonge mwenzako. Kisha wakapakwa rangi na kuzungushiwa mistari ili wafanane na wale wa mkono, jicho lisione pa kuunga. Kazi ya zaidi ya miaka miwili, kwa tukio la dakika mbili na nusu hivi! Niliwaambia watoto kuna madereva wa daladala mjini hapa ambao programu hiyo haijawafikia. Hawakucheka. Walitaka niwashe.

Nikawasha. Nikiwa bado nawanyooshea kidole nyumbu mmoja mmoja kuthibitisha kwamba hawagongani, Mufasa akaanguka.

Ningeweza kuvumilia kuanguka. Kilichonimaliza ni mtoto kumvuta baba yake sikio ili aamke, halafu, alipoona haamki, kujipenyeza chini ya mkono wake na kulala. Nilitoa sauti kama ya pampu iliyovuta hewa. Nikajifunika uso kwa kitambaa cha kochi, kile cha kufuma, chenye matundu, kisichositiri chochote.

Baba mkwe akazinduka. Akaona mkwewe anatetemeka mabega, wajukuu wametoa macho, nyumba kimya.

"Kuna nini? Kafa nani?"

"Mufasa, babu," alisema mdogo, ambaye tumemlea asiseme uongo.

Sikio la kulia la mzee lilistaafu kabla ya mwenyewe. "Musa?"

"Kakanyagwa. Kaka yake ndiye aliyemsukuma."

Sasa, Mjomba Musa yupo. Ni kaka wa mama mkwe, anaishi Korogwe, na kwa bahati mbaya ana kaka, na kwa bahati mbaya zaidi ndugu hao wana kesi ya mpaka wa shamba. Mzee akasema inna lillahi. Mimi nikainua mkono kumzuia, sauti haitoki. Akaukamata ule mkono, akauminya. "Lia, baba. Mwanamume naye hulia." Kwa mkono wake wa pili alikuwa tayari anatafuta miwani na simu.

Kufuta machozi na kamasi hadi mtu aweze kutamka neno kunachukua kama dakika tano. Dakika tano kwenye kundi la ukoo ni muda mrefu sana. Nilipopata sauti, taarifa ilikuwa imeshavuka Muheza, Handeni walikuwa wameanza kubishana nani aende polisi, na shangazi mmoja alikuwa amenitumia 10,000 "ya maji". Balozi akabisha hodi kuulizia turubai. Mke wangu akashuka kwenye bajaji na sare ya kicheni pati, khanga kichwani, amelia njia nzima. Nikamwonyesha runinga. Alimtazama Simba, akanitazama mimi, akaingia chumbani na kufunga mlango kwa ufunguo.

Mjomba Musa mwenyewe alipiga saa kumi na mbili jioni kuuliza ni Musa gani aliyekufa, ili naye achangie.

Jumapili nilimalizia filamu peke yangu, nikaunguza wali. Jumatatu kazini walikuwa wananiita mfiwa.

Ni hiyo Jumapili, bila watoto, nilipoisikiliza filamu kwa masikio ya mtu mzima. Zamani niliipenda kwa sababu ilizungumza lugha yangu. Kumbe haizungumzi, inaitia chumvi tu. Mwanangu mkubwa aliliona kabla yangu: "Baba, hawa wanajua Kiswahili cha majina tu?" Simba anaitwa Simba, sawa na kumpa mwanao jina Mtu. Anayeitwa Rafiki ana uso wa rangi za mandrili, mnyama wa misitu ya kule Gabon na Kameruni, akaletwa mbugani kwetu kuwa mganga. Mama yake Simba ni Sarabi, yaani mazigazi. Pumbaa jina lake linajieleza. Na fisi jike akapewa Shenzi, neno lililotumiwa enzi za ukoloni kuwatukania wapagazi na vibarua, babu zetu hao. Mtu alifungua kamusi, akachukua neno hilo, akaona linachekesha. "Hakuna matata" nayo, ambayo Them Mushrooms wa Kenya waliiimba kwenye Jambo Bwana tangu 1982, mwaka 2003 ikasajiliwa Marekani kuwa alama ya biashara ya mavazi. Bara hatuisemi sana, tunasema hamna shida. Lakini mtu akiandikisha mlango wako kwa jina lake, huwezi kusema hamna shida kwa sababu wewe hupitia dirishani.

Halafu kuna kile kipande kifupi Timon na Pumbaa wanapoimba kuhusu simba aliyelala. Mizizi yake ni Mbube, wimbo wa Solomon Linda, Mzulu aliyeurekodi Johannesburg mwaka 1939. Inaelezwa kwamba aliziachia haki zake kwa shilingi 10. Alikufa mwaka 1962, fukara, wimbo ukizunguka dunia. Warithi wake walikwenda mahakamani mwaka 2004, na mwaka 2006 wakafikia makubaliano. Miaka 44 baada ya mazishi. Mimi kwa simba ambaye hajawahi kuwepo nimekusanya 65,000 kabla ya magharibi, na katika kulia kwangu kote kwa miaka yote hiyo sijawahi kutoa chozi hata moja kwa Linda. Hilo linanikera kuliko kitambaa chenye matundu.

Kurudisha hela ndiko kumenishinda. Makato ya kutuma yanazimega alfu mbilimbili za mabinamu, na watu wa kaka yake Musa hawapokei simu yangu kwa vile waliitwa wauaji. Mjomba Musa alifika juzi kwa basi la asubuhi, akanywa chai, akauliza kiasi gani kimepatikana. Anadai kwamba kwa kuwa marehemu ni yeye, fedha ni zake. Baba mkwe anasema hakuna marehemu anayepokea kwa mkono wake mwenyewe. Wakaketi wote wawili kuitazama sinema. Walipofika kwa nyumbu, Mjomba Musa, ambaye amefuga ng'ombe maisha yake yote, alitaka tu kujua nani alikuwa anachunga.

Shangazi wa Muheza ndiye niliyempata kwenye simu. Kakataa 10,000 yake isirudi. Anasema niihifadhi tu, Musa umri umekwenda.