Mlinzi wa Bure Analipwa na Nani?

Hongera, papa wa Dilala! Ukuta umeupamba kwa vipande vya chupa, mlinzi unamlipa kila mwezi, na mbwa anakula vizuri kuliko mlinzi. Ila kompyuta ya sebuleni umeikabidhi kwa programu tatu za bure za kuzuia virusi, zinazogombana humo ndani hadi umeme unakatika mashine haijamaliza kuwaka.

Sisi wa Kolwezi, tunaotazama malori ya kobalti yakipita kila siku, tungekuwa wa kwanza kuuliza: huyu anayegawa bure, anauza nini? Kwa Avast, kampuni ya programu za kuzuia virusi, swali hilo lilijibiwa mwaka 2024. Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliitoza dola milioni 16.5 kwa kuuza kumbukumbu za tovuti walizotembelea watumiaji wake, kupitia kampuni tanzu ya Jumpshot, iliyofungwa mwaka 2020. Mlinzi alikuwa akiwasimulia wapita njia habari za chumbani.

Windows 10 na 11 huja na Defender, programu ya kuzuia virusi, ndani yake. Lakini wewe huiamini, kwa kuwa haikuletwa na kijana wa mtaani kwenye flashi yenye virusi. Papa, bakiza mlinzi mmoja, msasishe, na flashi za wageni ziishie mlangoni.