Kulwa Alifunga, Doto Akala

Mama mkwe wangu ana kanuni moja kuhusu dawa: dawa ikikuta chakula tumboni, hula chakula ikauacha ugonjwa. Kwa kanuni hiyo amelea watoto wake wote, na wajukuu ambao idadi yao hubadilika kila likizo. Dawa ya chango anayoichemsha mwenyewe, mizizi ambayo jina lake hataki nilijue mpaka nitakapozaa tena, hunywewa alfajiri kabla mtu hajapiga mswaki. Hakuna aliyewahi kumshinda kwa hoja, kwa sababu kanuni yake ina maelezo, na maelezo yenyewe anayaelewa hata mtoto wa chekechea.

Barua ya shule ilipofika, basi, ilikuta nyumba ina sheria tayari.

Tunaishi upande wa Ilemela, Mwanza, karibu na ziwa kiasi kwamba maji yakichafuka usiku unayasikia kitandani. Mume wangu, Baba Kulwa, ni fundi mitumbwi pale mwaloni, mimi naanika dagaa na kuuza. Mapacha wetu, Kulwa na Doto, wako darasa la nne. Barua waliileta jioni nikiwa bado kazini, wakampa bibi yao, maana kwetu karatasi yoyote yenye muhuri huanzia kwa bibi. Bibi hasomi bila miwani, na miwani ilikuwa imevunjika mguu katika mazingira ambayo Doto hadi leo hajayaeleza vizuri. Akamwita shemeji yangu asome. Shemeji alikuwa na sikio kwenye redio, Simba na Yanga, dakika za lala salama. Akasoma kwa sauti kwamba kesho wanafunzi wote watamezeshwa kingatiba za kichocho na minyoo ya tumbo. Hapo redio ikalipuka kwa goli, shemeji akairusha barua juu ya kabati. Mstari wa mwisho, ule uliomtaka mzazi au mlezi ahakikishe mtoto amekula kabla ya kuja shuleni, hakuusoma.

Bibi alifurahi sana. Naomba hili lieleweke, kwa sababu watu wa afya wakisimulia visa vya namna hii hupenda kumfanya bibi kizee adui wa dawa. Mama mkwe wangu alitaka dawa ya serikali ifanye kazi sawasawa, tena akajua jinsi ya kuisaidia. Asubuhi nilitoka gizani kuwahi mitumbwi ya dagaa inayorudi alfajiri. Nyuma yangu Bibi akakifunika chungu cha uji, akaweka jiwe juu ya kifuniko, akawatangazia mapacha kwamba leo hakuna kutia kitu kinywani mpaka dawa ipite.

Kulwa ni mtoto mtiifu. Alikunywa mate, akavaa sare, akaenda shule. Doto alizunguka nyuma ya jiko, akakifungua kiroba cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, nilichokuwa nimekitunza, akajaza mifuko yote ya kaptura na kutafuna njia nzima mpaka getini. Karanga za kusindikizia aliziomba kwa mwenzake ambaye hakuwa na bibi mwenye kanuni.

Shuleni walipangwa mstari. Dawa ya kichocho, praziquantel, hutolewa kwa kadiri ya uzito wa mtu, na kwa kuwa kuburuta mizani shule kwa shule ni kazi, mtoto husimamishwa kwenye kipimo cha urefu chenye alama, na alama inayogusa kichwa chake ndiyo inayosema ameze vidonge vingapi. Kulwa amemzidi mdogo wake kidogo kwa kimo, akaangukia viwili na nusu. Doto viwili. Kile cha minyoo ya tumbo, albendazole ya miligramu 400, kila mtoto kimoja. Vidonge vya kichocho ni vikubwa na ni vichungu, ukichelewa kuvimeza utakumbuka uchungu wake mpaka mchana.

Kulwa alimeza bila kukunja uso. Muda si mrefu akashika tumbo, kichwa kikamzunguka, akasogea hadi alipokuwa amesimama mwalimu mkuu na kumtapikia viatu. Vilikuwa viatu vipya.

Kilichofuata nilikiona kutoka upande wa pili. Mwaloni habari ya kwanza ilikuja na dereva wa bodaboda: mtoto mmoja ametapika shuleni baada ya dawa. Ilipofika kwa mama wanaoparua samaki, mtoto alikuwa amezimia. Ilipofika kwangu, walikuwa wamezimia watatu, mmoja wao pacha, na dawa ilikuwa imeisha muda wake. Kabla sijavua kanga ya kazi nikasikia nyuma yangu mtu akisema dawa yenyewe si ya minyoo, ni ya kuwafunga watoto wa kike kizazi. Wanawake waliacha dagaa mchangani, ndege wakala siku nzima bila kufukuzwa. Baba Kulwa alitimua mbio na msumeno mkononi. Hakuwa na nia mbaya nao, alisahau tu kuuweka chini, lakini mlinzi wa shule alipoona umati wa akina mama na mbele yao mwanamume mwenye msumeno, akafunga geti na komeo juu. Geti likifungwa, kila mzazi aliyeko nje anaamini ndani kuna maiti.

Waliokuwa Morogoro mwaka 2008 wanakijua kisa hiki kwa ukubwa wake. Huko vurugu zilizuka katika shule za msingi wakati wa umezeshaji wa dawa hizihizi za kichocho na minyoo. Uvumi ulisema dawa ni bandia, ulisema ni hila ya kuwafanya watoto wasizae, na wazazi ambao hakuna aliyekaa nao kuwaeleza wakaamini walichosikia barabarani. Sisi hatukufika huko, ingawa nusu saa nyingine tungefika. Kilichotuokoa ni mwalimu wa afya, binti mdogo kwa umri, aliyekuja getini akimshika Kulwa mkono. Kulwa alikuwa na andazi mdomoni. Umati ulimtazama mtoto anayetafuna, ukapoa.

Tulipoingia, Bibi alikuwa amekwisha kufika, sijui kwa njia gani, na kikapu chake cha mizizi kwapani. Alikuwa na neno moja tu la kumuuliza mwalimu: kwa nini mapacha wamegawiwa visivyo sawa? Kwake pacha akipewa kimoja na mwenzie apewe kimoja, ukizidisha upande mmoja umekaribisha balaa, na balaa ndilo hili lililotapika.

"Mwadila, mayu," mwalimu akamsalimu kwanza, kwa heshima, akipiga goti kidogo.

Salamu ile ilishusha kikapu chini. Muuguzi wa zahanati aliyekuja na dawa akaketi naye benchi moja, akauliza swali ambalo katika kelele zile zote hakuna aliyekuwa amelikumbuka: kijana alikula nini asubuhi?

Kimya. Kisha Doto, ambaye siri haimkai hata akishonwa midomo, akasema, "Bibi alituzuia kula. Mimi nilikula michembe."

Nilimwona mama mkwe wangu akihesabu. Mtiifu ameugua. Mkaidi mzima, tena anaruka kamba.

Muuguzi hakumgombeza, na kwa hilo namheshimu. Alimweleza kwamba dawa hii humezwa mtu akiwa ameshiba, kwa sababu tumboni pakiwa patupu huleta kichefuchefu na maumivu. Chakula, hasa cha wanga kama uji, ugali au viazi, husaidia pia iingie mwilini vizuri. Akaongeza jambo lililomkaza Bibi macho: mwenye minyoo mingi ya kichocho ndiye anayesumbuka zaidi dawa inapoiua, na maumivu hayo kwa kawaida hupita kwa saa chache. Kulwa ndiye anayeshinda ziwani kuliko mdogo wake. Kwa hiyo alikuwa na njaa, na alikuwa na wageni wengi.

"Mbona barua haikusema?" Bibi akauliza.

Shemeji alitumwa nyumbani mbio. Barua ikaletwa, ikasomwa yote. Ilisema. Ilisema mwishoni kabisa, kwa herufi ndogo, chini ya jina la mtaa na kata na tarehe, na haikutoa sababu hata moja. Hapo ndipo ninapotofautiana na mwalimu mkuu, ambaye siku ile alinijia na lawama kwamba wazazi hatusomi. Hata ule mstari ungesomwa, ungekutana na kanuni ya Bibi, na kanuni ya Bibi ina sababu. Amri tupu ingeshindwa. Hakuna mtu mzima anayeacha alichorithi kwa mama yake kwa ajili ya sentensi isiyojieleza. Kama barua ingesema chakula ndicho kinachozuia kutapika, Bibi angeamka usiku wa manane kukoroga uji.

Jioni muuguzi alipita nyumbani kumtazama Kulwa, akachora mchangani kwa kijiti mambo ambayo sisi wa ziwani tungepaswa kuyajua tangu utoto. Kichocho chetu hapa ni cha tumbo. Minyoo yake hukaa katika mishipa ya damu karibu na utumbo, jike hutaga mayai mamia kwa siku, mengine hutoka na kinyesi, mengine hunasa kwenye ini na kuliumiza taratibu, miaka kwa miaka, hadi tumbo livimbe na mtu atapike damu. Yai likifika majini huanguliwa, na kiluwiluwi kinachotoka hutafuta konokono wa aina fulani, mdogo, bapa kama kifungo. Huko huzaliana, kisha jua likiwaka vizuri hutoka kwa maelfu kuogelea, vikitafuta ngozi ya mtu. Kupenya huchukua dakika tu.

"Kumbe anapanga kwa konokono," Bibi akasema, "na kodi tunalipa sisi."

Usiku ule alimwita mwanawe. Sikualikwa, lakini kuta zetu ni nyembamba. Alitaka kujua ni nani hao wanaojisaidia nyuma ya mawe pale mwaloni, na kama Baba Kulwa ni mmojawapo. Ukimya wa mume wangu ulikuwa mrefu. Kwa kumtetea, pale mwaloni vyoo ni vichache, na watu ni wengi kuliko vyoo. Lakini Bibi alikwisha kuona lililo wazi: mtoto anamezeshwa shuleni, baba mtu analirudisha yai ziwani, na mwakani mtoto huyohuyo atapanga mstari tena. Asubuhi Baba Kulwa alipelekwa zahanati kupimwa kinyesi, fundi mzima, mama yake akiwa mbele. Alikutwa nacho. Alimeza vidonge vyake akiwa amekula sahani mbili za ugali, Bibi akimsimamia mpaka tonge la mwisho.

Ndipo nyumba ikaingia vita ya maji. Muuguzi alikuwa ametaja, kwa bahati mbaya yetu, kwamba viluwiluwi vile visipopata mtu hufa ndani ya siku mbili hivi, na kwamba maji ya ziwa yakitekwa na kuhifadhiwa kwa muda huo kwenye chombo kilichofunikwa, kisicho na konokono, hatari yake hupungua sana. Kesho yake Bibi alinunua mapipa. Akayaandika kwa chaki: LEO, JANA, JUZI. Kuoga ruksa kwenye Juzi tu. Kila alfajiri anafuta na kuandika upya, na ole wake mtu anayetoka kazini ana harufu ya dagaa akakuta Juzi imekwisha. Shemeji alikamatwa akiogea Leo, akakana, lakini chaki ilikuwa imemshika mgongoni. Ameambiwa atafute nyumba yake. Mimi nimejifunza kuoga kwa kata moja.

Doto ndiye aliyebaki mgumu. Juma halijaisha tukamkuta ziwani mchana kweupe, saa ambayo viluwiluwi hutoka kwa wingi, anapiga mbizi. Kaitwa, kajibu kutoka majini, "Mimi nimeshamezeshwa!" Wapo watu wazima wengi wanaofikiri kama yeye. Dawa ile huua minyoo iliyokomaa mwilini siku unayomeza. Michanga haiigusi sana, na inayoingia kesho yake haiizuii hata kidogo. Ndiyo maana umezeshaji hurudiwa. Bibi alimtoa majini kwa fimbo, na jibu la mjukuu wake amelisambaza mtaa mzima kama mfano wa ujinga.

Siku hizi mwalimu wa afya humpitia Bibi kabla ya kupitia ofisi ya mtaa. Mimi nina ombi dogo kwa mwalimu mkuu, ambaye viatu vyake tulimlipa. Shule ikiweza, siku ya dawa ichemshe uji, kwa sababu zipo nyumba ambazo chungu huwa kitupu hata pasipo kanuni ya mtu. Na barua ya mwaka ujao ianze na chakula, kwa herufi kubwa, sababu yake ifuate hapohapo, na juu kabisa, mahali pa Mzazi au Mlezi, iandikwe Bibi.